Nimeiona Type 44, karabini ya askari wa farasi wa Japani: nikague nini kabla ya kulipa?

MtutuMfupi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wanaonifahamu humu wanajua ugonjwa wangu ni bunduki fupi za bolti (zile za kuvuta kipini kwa mkono kila risasi), hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya askari wa farasi. Mosin M44 ya Warusi ninayo, Carcano ya wapanda farasi wa Italia ninayo. Zote mbili zina singe ya kukunja ambayo haitoki kwenye bunduki. Inayokosekana kabatini ni Type 44 ya Japani, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Type 38 fupi, bunduki nyingine ya Japani, unaziona mara kwa mara. Type 44 ikipita mnadani, kufumba na kufumbua imeshaondoka.

Kwa wasioijua: ilipitishwa 1911, mwaka wa 44 wa enzi ya Meiji, ndiyo asili ya hiyo namba. Ndani ni Type 38 ileile: risasi ya 6.5×50 mm, magazini ya risasi tano, mtutu wa milimita 487. Kilichobadilika kiko mbele. Singe yake ni ya sindano, imeshikizwa moja kwa moja, inakunjwa kurudi nyuma chini ya mtutu na kulala kwenye mfereji uliochongwa kwenye mbao. Ziliendelea kutengenezwa hadi 1942, na jumla inakadiriwa kama 90,000 hivi. Ukizingatia ngapi zilipotelea vitani, unaelewa kwa nini wanaokusanya wanazigombania.

Sasa kuna muuzaji mwenye leseni katangaza moja. Maelezo yake ni "karabini ya Arisaka, adimu, hali nzuri", basi (Arisaka ni jina la ukoo mzima wa bunduki hizi za Kijapani). Picha nne, zote za upande wa kulia, moja imechukuliwa kwenye kapeti jekundu utadhani ni ya harusi. Kibali changu kinaniruhusu, upande huo hauna shida. Ninachoomba kwenu: nimwombe picha za sehemu gani, na nikifika mbele yake niangalie nini? Tiririkeni.

Bisibisi

Kwanza hakikisha ni Type 44 kweli. Wauzaji wengi kila bunduki fupi ya Kijapani kwao ni "karabini ya Arisaka". Mwombe picha ya juu ya resiva, yaani kile chuma kinachobeba bolti, pale mtutu unapoingia. Utakuta alama tatu za maandishi ya Kijapani zimepangwa kwenda chini. Huhitaji kujua kusoma: kwenye Type 44 alama mbili za kwanza zinafanana kabisa, 四 na 四, kisha 式. Kwenye Type 38 ni 三 halafu 八, hazifanani hata kidogo.

Ukiona singe ya kukunja lakini juu pameandikwa 38, hapo kuna mtu kaunganisha vitu. Ondoka taratibu.

Kijiti_Kavu

Nimeweka kambi. Uzi wa maana huu.

ChumaChaMdomoni

Mkuu MtutuMfupi, umegusa penyewe. Nakushauri usianze na hali ya rangi wala kung'aa kwa mbao. Anza na chuma cha mbele, kile kinachobeba singe, kwa sababu ndicho kilichoifanya bunduki iitwe Type 44, na ndicho huwezi kukipata kikikosekana.

Chuma hicho kilitengenezwa kwa miundo mitatu. Wajapani waligundua kuwa uzito wa singe na jinsi ilivyoshikizwa vilivuruga ulengaji, wakawa wanarekebisha. Muundo wa kwanza ni mfupi na skrubu zake mbili zimekaribiana. Katika muundo wa pili chuma kilirefushwa, na katika wa tatu skrubu ziko mbali zaidi. Kwa hiyo mwombe picha ya ubavu, kamera ikiwa sawasawa na bunduki, siyo ya kuinamisha. Kisha linganisha na namba ya bunduki: namba ya chini sana yenye chuma cha muundo wa tatu inataka maelezo.

Halafu angalia mbao chini ya ukingo wa chuma hicho. Mbao iliyochongwa kwa muundo mmoja ikavalishwa chuma cha muundo mwingine huacha pengo, au tundu la zamani lililozibwa. Mtu akiziba tundu anapaka rangi juu, lakini nyuzi za mbao haziwezi kudanganya, zitakatika pale.

Jambo la tatu: ndoana ndogo iliyo ubavuni mwa chuma hicho. Ni ya kusimamishia bunduki kadhaa pamoja zikiegemeana kambini. Nyingi zimevunjika na muuzaji hajui hata kama palitakiwa kuwa na kitu.

Robota

Swali la mgeni, msinicheke. Kama Type 38 fupi inapiga risasi ileile, kwa mtutu uleule, na inapatikana kirahisi, kwa nini mtu ahangaike hivi? Si singe tu?

MtutuMfupi

Robota, hakuna wa kukucheka. Ni singe tu, ndiyo. Mtu wa stempu naye anahangaikia karatasi yenye kosa la uchapaji. Mimi navutiwa na lile tatizo lenyewe: askari yuko juu ya farasi, mkono mmoja umeshika hatamu, siku akishushwa apigane kwa miguu anataka singe mara moja bila kupapasa kiunoni. Warusi walifika jibu linalofanana na M44 mwaka 1944, singe ikikunjwa pembeni. Waitaliano walishakuwa nalo tangu karabini ya 1891, singe ikikunjwa chini. Nikiziweka tatu kwenye meza moja naona mafundi watatu wakibishana.

Bisibisi

😂 Huyo ndiyo basi tena, hatibiki.

Afande_Mstaafu

Vijana, kabla hamjafika mbali kwenye uzuri, nizungumzie usalama maana naona hakuna aliyeugusa.

Shule za Japani zilikuwa na bunduki za mazoezi zilizofanana sana na Type 38, nyingine fupi. Zilikusudiwa risasi za mazoezi za kupiga mlio tu. Resiva zake nyingi ni za chuma cha kumimina na mtutu hauna mifereji ndani, ni laini. Ukiipiga risasi halisi humo inaweza kukupasukia usoni. Kwa hiyo tochi ndani ya mtutu, uone mifereji. Pia tazama mkia wa resiva, ile sehemu inayorudi nyuma juu ya shingo ya kitako: kwenye bunduki halisi ya jeshi ni kipande cha peke yake, kwenye nyingi za mazoezi ni chuma kimoja na resiva.

La pili ni chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa. Baada ya vita risasi za 6.5 za Kijapani zilikuwa shida kupatikana Marekani, mafundi wakawa wanapanua chemba ili itumie ganda la .257 Roberts, risasi ya Kimarekani, lililopanuliwa mdomo. China nako karabini za Kijapani zilibadilishwa zikatumia risasi ya 7.62×39. Kwa nje huoni kitu. Usipige risasi hata moja kabla fundi bunduki hajamwaga ile metali laini ya Cerrosafe kwenye chemba, ikaganda, akaitoa na kuipima. Kazi ndogo hiyo, na inakupa jibu lisilo na ubishi.

Na ukiishika mara ya kwanza, fungua bolti, angalia magazini, ingiza kidole kwenye chemba. Hata kama muuzaji kakuapia kwa mama yake mzazi kwamba haina kitu.

Mlinzi_wa_Kabati

Afande kamaliza. Niongeze tu kwamba resiva ya Type 38 ni ngumu kupita maelezo. Mfua bunduki wa Marekani P.O. Ackley alizijaribu resiva za kijeshi za aina mbalimbali kwa kuzilipua makusudi, na Arisaka ikawa ya mwisho kusalimu amri. Kwa hiyo ukijua chemba ni ya asili, huna sababu ya kuiogopa.

Afande_Mstaafu

Ugumu wa resiva sijaupinga ndugu yangu. Ackley alijaribu bunduki zake, hakujaribu ya huyu muuzaji wa kapeti jekundu. Chuma chenye zaidi ya miaka 80 kimepita mikono ya nani, hujui. Ipimwe.

MtutuMfupi

Wakuu, mrejesho. Muuzaji kanitumia picha mpya, kasumbuka kweli, nampa haki yake.

Juu ya resiva ni 四四式, safi. Alama ya kiwanda ni zile duara nne zilizorundikwa kama risasi za mzinga. Singe ipo, inafunguka na kujifunga. Ndoana ya ubavuni ipo. Lakini kuna matatu yananikosesha usingizi.

Moja, nembo ya ua la kifalme juu ya chemba imesagwa, imebaki mikwaruzo tu. Mbili, kitako kina mstari unaotembea kwa urefu upande wa chini, kama kilipasuka kikagundishwa. Tatu, namba iliyo chini ya mkono wa bolti haifanani na tarakimu za mwisho za namba ya bunduki.

Kifuniko cha vumbi, kile kibati cha juu ya bolti, nacho hakipo, ila hicho nilishakitarajia.

ChumaChaMdomoni

Huo mstari wa kitako uondoe kwenye orodha, ulale. Wajapani walitengeneza kitako kwa vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa kwa mkato wa kuingiliana na gundi, kipande cha chini ni cha peke yake. Iliokoa mbao, maana huhitaji ubao mpana sana, na kitako hakipasuki kirahisi kufuata nyuzi. Nimewahi kuona mtu anashusha bei ya Arisaka nzima kabisa kwa sababu ya "ufa" huo, na muuzaji akakubali kwa kutojua. Cha kuangalia ni kama vipande vyote viwili vina rangi moja na vimezeeka pamoja.

Bolti sasa. Usikimbilie kusema hailingani. Viwanda havikuwa na utaratibu mmoja. Nagoya waligonga tarakimu tatu za mwisho za namba ya bunduki. Koishikawa na Kokura, ambao ndio wenye hizo duara nne, walitumia namba ya kuunganishia: namba ndogo iliyorudiwa kwenye vipande vilivyofanyiwa kazi pamoja, isiyohusiana na namba kubwa. Kwa hiyo yako usiipime kwa namba ya resiva. Mwombe avue bolti, alinganishe na vipande vingine, na wewe utazame kama vyote vinaongea lugha moja.

Mlinzi_wa_Kabati

Na hata ikiwa hailingani, kwa Arisaka siyo msiba. Bunduki zilipokusanywa 1945 mara nyingi bolti zilitolewa zikawekwa fungu lake, askari wa Marekani wakichukua kumbukumbu walibeba bunduki kutoka rundo hili na bolti kutoka rundo lile. Zilizofika nyumbani kwao zikiwa na bolti yake ni bahati.

Bisibisi

Siyo msiba lakini ni pesa. Msimfariji mtu mpaka alipe bei ya kamili kwa nusu.

Dada_Kokwa

Nizungumzie nembo, maana hapo ndipo wengi wanapoibiwa.

Ua lile la petali 16 lilikuwa alama kwamba silaha ni mali ya mfalme. Nyingi zilisagwa Japani iliposalimu amri 1945, kabla ya kukabidhiwa. Zenye ua zima aghalabu ni zilizotekwa vitani kabla ya hapo. Kuna pia zilizoondolewa jeshini mapema zikaenda shuleni, na hizo mara nyingi ua lilifutwa au likagongwa alama juu yake. Kwa hiyo kusagwa ni sehemu ya maisha ya bunduki yenyewe. Mimi ningependa yenye ua zima, nani hapendi, lakini iliyosagwa wakati ule hainisumbui.

Kinachonisumbua ni ua lililorudishwa. Wapo wanaoligonga upya ili bei ipande. Pitisha kidole, au weka rula ya chuma juu ya chemba dhidi ya mwanga: penye ua lililogongwa juu ya eneo lililosagwa pana bonde, chuma kimeshuka kuliko kando yake. Na rangi nyeusi ndani ya petali ni mpya kuliko ya jirani. MtutuMfupi, yako imesagwa na imeachwa hivyo. Maana yake hakuna mtu aliyejaribu kukupamba. Mimi ningeichukulia kama ishara njema.

Robota

Kwa hiyo yenye kasoro inayoonekana ni bora kuliko isiyo na kasoro? Nyie watu mna mambo.

Dada_Kokwa

Kasoro inayoeleweka ni bora kuliko uzuri usio na maelezo, mdogo wangu. 😄

MtutuMfupi

Dada Kokwa umenipumzisha. Swali lingine: kifuniko cha vumbi. Naona zipo za kisasa zinauzwa. Ninunue nivalishe?

Mlinzi_wa_Kabati

Nunua, ivalishe, tatizo nini. Bunduki inaonekana kama ilivyotoka kiwandani.

ChumaChaMdomoni

Napinga. Kifuniko kile kinatembea pamoja na bolti na kina kelele, askari wengi walikitupa wenyewe. Bunduki isiyo nacho ni ya kweli vilevile. Ukivalisha cha kisasa, kesho utaiuza au warithi wako wataiuza, na atakayefuata ataambiwa "kamili". Hivyo ndivyo uongo unavyoingia kwenye mkusanyiko bila mtu yeyote kukusudia.

Mlinzi_wa_Kabati

Unaweza kuandika kwenye daftari kwamba ni cha kisasa.

ChumaChaMdomoni

Daftari linabaki kwako, bunduki inaondoka. Kikwangue alama kwa ndani basi, hapo tutaelewana.

Mlinzi_wa_Kabati

Hiyo nakubali.

Bisibisi

Wakati mnabishana kifuniko, hakuna aliyemwuliza mleta uzi kuhusu fimbo ya kusafishia! Type 44 haibebi fimbo chini ya mtutu kama bunduki nyingine, nafasi imechukuliwa na singe. Fimbo yake ni ya vipande viwili na inakaa ndani ya kitako, kuna kimlango kwenye bamba la chuma la nyuma. Mwambie muuzaji afungue. Tisa kati ya kumi hajui kama kinafunguka.

MtutuMfupi

Nimemwuliza. Jibu lake: "Kimlango gani?" 🤦🏾

Mpita_Njia7

Samahani kwa kuingilia. Mimi nchi yangu hairuhusi raia kumiliki kitu cha aina hii kikiwa hai. Nimeambiwa nitafute iliyozimwa kabisa, isiyoweza kupiga. Je, inahesabika kwenye ukusanyaji?

Afande_Mstaafu

Inahesabika kwa anayependa historia, na kama sheria yako inataka hivyo hakuna mjadala. Tafuta iliyozimwa kwa kiwango kinachotambuliwa na yenye cheti. Ila ujue kuzima ni kuchomelea na kukata: mara nyingi bolti haifunguki tena na mtutu umezibwa. Mwombe muuzaji picha za mahali palipochomelewa. Fundi mzuri anaficha kazi yake ndani, mbaya anaunguza rangi na kufuta namba na alama, na alama ndizo unazozinunua. Na ukisafiri nayo, usidhani cheti cha nchi moja kinaheshimiwa mpakani pa nchi nyingine. Uliza kwanza.

MtutuMfupi

Wakuu, nimetoka kuiona ana kwa ana. Naandika nikiwa bado na harufu ya mafuta mikononi.

Mtutu: mifereji ipo, mikali, ina kivuli cha kutu karibu na mdomo, siyo mashimo. Mkia wa resiva ni kipande cha peke yake, kwa hiyo siyo ya mazoezi. Namba ndogo ya bolti inarudiwa kwenye vipande vyake isipokuwa kimoja, kitoa maganda, ambacho kina namba ya kigeni. Kwa hiyo bolti ni moja, imebadilishiwa kipande. Kitako vipande viwili, umri mmoja, mstari haujafunguka. Chuma cha mbele ni muundo wa pili, skrubu hazina makovu ya bisibisi, na mbao chini ya ukingo haina tundu lililozibwa. Nilipiga tochi hadi muuzaji akaanza kucheka.

Kimlango cha kitako kilikuwa kimeshikwa na kutu. Tukaweka mafuta, tukasubiri, kikafunguka. Ndani kuna kipande kimoja cha fimbo. Kimoja! Cha pili hakipo.

Nilimwambia ukweli wote: hiki kipo, hiki hakipo, nembo imesagwa, kitoa maganda si chake. Akashusha bei bila mvutano. Nilipomwambia kwamba mstari wa kitako siyo ufa alinishukuru, maana alikuwa ameshamwambia mteja mwingine kuwa umepasuka.

Bisibisi

Yaani umemtetea muuzaji dhidi ya mfuko wako mwenyewe?

MtutuMfupi

Nitarudi kwake, Bisibisi. Anapata silaha kutoka mirathi za wazee waliokusanya miaka mingi. Nataka ikija nyingine anipigie mimi kwanza.

Dada_Kokwa

Hongera sana mkuu. Ombi moja: usiguse mbao kwa msasa. Rangi ile ni urushi, utomvu wa mti. Ukiisaga, kwanza umeua asili yake, pili vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi hadi kuvimba, maana mti wenyewe ni wa jamii ya mimea inayowasha. Kitambaa kikavu, basi. Chuma kipake mafuta mepesi, na singe uiache imekunjwa. Kila ukisafisha mtutu ifungue uangalie chini yake.

Afande_Mstaafu

Na chemba?

MtutuMfupi

Afande, fundi anamwaga metali wiki hii. Haipigi hata risasi moja kabla ya kipimo. Majibu yakitoka nitaleta vipimo hapa pamoja na picha za kila alama, umiliki ukishahamishwa kwenye kibali.

ChumaChaMdomoni

Ukipiga picha, weka rula kando ya zile skrubu mbili za mbele, nahitaji umbali kati ya vitovu vyake. Mimi nina muundo wa kwanza na wa tatu, wa pili sijawahi kuupima. Na hicho kipande cha fimbo kipime urefu na unene wa nyuzi za skrubu. Nina fimbo isiyo na mwenzake kwenye droo, sijui hata niliipata wapi.

MtutuMfupi

Unasema kweli? Nakuja inbox.